Sumu Isiyomdhuru Aliyeibeba

Msomaji wa Kitshanga, aliyekulia katika milima ya Masisi baina ya malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharagwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, ana haki ya kuuliza habari za chaza na kome walioingiwa na sumu ya mwani zamhusu nini yeye, ambaye kitoweo chake cha majini ni sambaza wa Ziwa Kivu, ndagala wakavu wa sokoni, na labda kaa mdogo wa kijito ambaye watoto humkamata chini ya mawe. Jawabu ni kwamba yale yampatayo kome wa baharini ndiyo yampatayo, kwa kanuni ile ile, uduvi na konokono wa ziwani. Na kwamba chanzo chake aghalabu kimo nchi kavu, katika udongo na samadi iteremshwayo na mvua kutoka milima iliyokatwa miti, mfano wa hii ya Masisi.

Mwani tunaousema hapa si ule ulimwao Paje na Jambiani, huko Zanzibar, ukaanikwa juani. Huu ni wa viumbe vidogo mno, ambavyo kimoja kimoja hakionekani ila kwa hadubini, navyo huelea majini vikijilisha kwa mwanga wa jua na kwa fosforasi na naitrojeni. Na virutubisho hivyo vikizidi kiasi, huzaana kwa siku chache hata maji ya ziwa yakawa kijani kizito na ya bahari yakawa mekundu au hudhurungi. Waswahili wa Maskati waliyaona maji ya namna hiyo: kuanzia Agosti 2008, mwani uitwao Cochlodinium polykrikoides ulienea pande za Ghuba ya Oman kwa zaidi ya miezi minane, ukaua samaki kwa maelfu ya tani, ukaharibu matumbawe, na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya kunywa ikalazimika kusimama. Lakini huo ulikuwa uadui wa dhahiri, ambao mvuvi aliuona kwa macho na kuunusa kwa pua. Wenye kutuhangaisha zaidi ni ule mwani unaotia sumu ndani ya mnyama na kumwacha mzima.

Chaza na kome hula kwa kuchuja. Gamba hufunguka kidogo, vinyweleo vya matamvua huvuta maji ndani, lita kadhaa kwa saa moja, na kila chembe iliyomo hunaswa katika ute na kupelekwa kinywani. Ni kama chujio la chai, liachialo chai ipite na kushika makapi, isipokuwa hapa sisi tunakula makapi. Ikiwa miongoni mwa chembe hizo mna mwani wa jamii ya Alexandrium, basi mnyama hujikusanyia saksitoksini, ambayo huziba vijilango vya sodiamu katika mishipa ya fahamu. Mtu akimla, midomo hufa ganzi, kisha vidole, kisha viungo hulegea, na dozi ikiwa kubwa misuli ya kifua hushindwa kuvuta pumzi. Moto hauiondoi sumu hiyo, wala ndimu, wala pilipili.

Je, mwenye gamba mwenyewe hadhuriki? Hapa ndipo penye ajabu, nami nitakaa hapa kidogo. Kuna kombe wa mchangani aitwaye Mya arenaria, ambaye mwaka 2005 mtafiti Monica Bricelj na wenzake waliandika habari zake katika jarida la Nature. Walitwaa kombe wa Ghuba ya Fundy, Kanada, ambako mwani wenye sumu hurudi mara kwa mara, na wengine wa mahali ambako mwani huo ni nadra, wakawatia wote katika sumu ile ile. Wale wageni wa balaa walipooza, wakashindwa kujichimbia mchangani, na wengi wakafa. Ilhali wenyeji wa Fundy waliendelea kujichimbia kana kwamba hapana neno. Tofauti yao ilikuwa kipande kimoja tu cha protini katika kile kijilango cha sodiamu, kilichobadilika kwa urithi, kikaifanya sumu ishindwe kushika kwa kiasi cha mara 1,000. Tazama basi matokeo yake: mwani unapowaua walio dhaifu, huwaacha hai wale wawezao kubeba sumu nyingi kuliko wote, na hao ndio wafikao sahanini. Kwa hiyo uzima wa kombe, ambao kila mnunuzi huuchukua kuwa ithibati ya usalama, si ithibati ya kitu chochote.

Kaa na kamba hawachuji, bali huokota na kutafuna, na sumu huwafikia kwa njia ya wale waliochuja. Mwaka 2015 mwani wa jamii ya Pseudo-nitzschia ulienea pwani ya magharibi ya Marekani, ukitoa asidi ya domoiki, ile ile iliyoua watu Kanada mwaka 1987 kwa kome na kuwapotezea wengine kumbukumbu zao. Kaa waliendelea kutambaa wakiwa wanono. Hata hivyo msimu wa biashara uliokuwa ufunguliwe Novemba huko California ulicheleweshwa hadi Machi 2016. Ukimpasua kaa utaona chini ya gamba lake rojo ya manjano, kiungo kifanyacho kazi ya ini na kongosho pamoja, ambacho walaji wengi hukipenda kuliko nyama. Humo ndimo sumu ilimolundikana.

Wengi hudhani mambo haya ni ya maji ya chumvi peke yake. Lakini katika California hiyo hiyo, fisi maji wa baharini walianza kufa kwa ugonjwa wa ini, na ilipotangazwa habari yao mwaka 2010 walikuwa wamehesabiwa 21. Sumu iliyowaua ilikuwa mikrosistini, ambayo hutolewa na mwani wa maji baridi uitwao Microcystis. Iliteremka na mito kutoka bara, na majaribio yakaonyesha kwamba kome, chaza na konokono waweza kuikusanya mwilini kwa zaidi ya mara 100 ya kiasi kilichomo majini, na huiachia polepole.

Microcystis huyo ni mwenyeji wa kwetu. Katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, mbele ya Kisumu, hupanda juu kwa mapovu madogo ya hewa yaliyomo ndani yake, na upepo ukamsukuma hadi ufukweni. Mwaka 2018 mtafiti Benard Simiyu na wenzake walieleza walivyopima dagaa (ndagala) wa huko, na kwa kipimo kimoja wakakuta wastani wa nanogramu 62 za mikrosistini katika gramu moja ya dagaa mkavu wa ghuba ya Kisumu, na 14 tu katika wale wa maji ya wazi kandokando ya kisiwa cha Rusinga. Kuanika juani kulipunguza kidogo sana. Uduvi, Caridina nilotica, hunaswa katika nyavu zile zile za dagaa, na wote huliwa pamoja na matumbo yao.

Tufanye hesabu, maana hofu isiyo na hesabu ni uvumi mtupu. Shirika la Afya Duniani liliweka kiasi kivumilikacho kila siku maisha yote kuwa mikrogramu 0.04 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 hupata mikrogramu 2.4. Kiasi hicho hutimia kwa gramu 39 hivi za dagaa wakavu wa Kisumu, bali kwa wale wa Rusinga ni gramu 170, ambazo si rahisi kwa mtu kuzimaliza. Mtoto wa kilo 15 hufikia mpaka wake kwa robo ya hapo. Mpaka huo ni wa mazoea ya maisha, haukuwekwa kwa mlo mmoja, na mimi naona ni dhuluma kumwambia mama aliyekimbia vita, asiye na nyama wala maziwa, aache ndagala kwa ajili ya mpaka huo.

Ziwa Kivu, lenye kina cha mita 485, hufungia virutubisho vyake vingi chini kabisa, na maji yake ya juu hubaki na chakula haba. Hiyo ni bahati ya sambaza. Ziwa dogo lililozungukwa na malisho, kama yale ya Mokoto karibu na Kitshanga, halina kina cha namna hiyo cha kuficha samadi. Samaki mkubwa hupasuliwa akatolewa matumbo, na kaa hutolewa ile rojo ya manjano, nusu ya shida ikaisha. Lakini dagaa hapasuliwi, na faraja yake iko katika kujua alivuliwa ghubani au katika maji ya wazi. Mchuuzi atakwambia kwa uaminifu kwamba mzigo umetoka Uganda au Tanganyika. Zaidi ya hapo hakuambiwa na aliyemuuzia.