Kansa ya Kongosho na Kisu cha Daktari

Ukisimama pwani ya Msasani asubuhi utaziona ngalawa zikirudi kutoka upande wa kisiwa cha Bongoyo. Ngalawa ikizama pale pa kuingilia dikoni, kila mtu hujua mara moja, maana njia imezibwa. Ikizama mbali kilindini, habari huchelewa. Kansa ya kongosho nayo ni vivyo hivyo.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa maji ya kusaga chakula, na hutawala sukari ya damu. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo, na mfereji wa nyongo hupita papo hapo. Uvimbe ukiota penye tundu la mfereji huo, hata ukiwa mdogo, nyongo huzuiwa: macho huwa ya manjano, mkojo huwa kama chai ya rangi, choo hupauka, na ngozi huwasha. Wengine husema ni malaria, au mtu karogwa! Kumbe dalili hiyo ni bahati, kwani humpeleka mgonjwa hospitali mapema. Uvimbe wa mkiani hauzibi kitu. Hukua kimya mpaka umekwisha kuenea.

Daktari Kausch wa Berlin aliukata uvimbe wa namna hii mwaka 1909, na Daktari Whipple wa New York akaieneza kazi hiyo tangu 1935. Hukatwa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo na kifuko cha nyongo, kisha viungo vilivyobaki huungwa upya. Taabu ni kwamba kongosho ni laini mno. Mshono ukivuja, maji yale ya kusaga chakula huanza kumsaga mgonjwa mwenyewe. Hata miaka ya 1960, katika hospitali nyingi za dunia, yapata mgonjwa 1 katika 4 hakutoka hospitali hai.

Siku hizi mazoea ya mikono ndiyo yanayookoa. Hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2002 ilionyesha kuwa katika hospitali zilizoifanya kazi hii mara chache sana, walikufa wagonjwa 16 katika 100. Zilizoifanya mara nyingi, 4 tu.

Waliokatwa kansa ya kongosho lenyewe, kiasi cha 20 katika 100 huishi miaka mitano. Wale wa penye tundu la nyongo hukaribia nusu. Lakini wengi hufika wakati kisu hakifai tena, na hao hutibiwa kwa dawa na mionzi, kama itolewavyo Ocean Road, katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1996.