Nguruwe Hawasomi Andiko

Andiko la mradi lilikuwa na kurasa 14. Neno "wanufaika" lilikuwemo karibu kila ukurasa. Neno "matope" halikuwemo kabisa. Niliandika mwenyewe, usiku, kwenye meza ya jikoni, watoto wakishalala, nikitumia ufundi niliouokota katika miaka tisa ya kazi za miradi kule Mbeya na Songwe: usuli, tatizo, lengo kuu, malengo mahsusi, viashiria, vihatarishi. Lengo kuu lilisema tutawapa hifadhi nguruwe 6 waliotelekezwa, wale wafupi wenye asili ya Vietnam ambao matumbo yao yanakaribia kuburuza chini. Watoto wangu wanawaita nguruwe vitambi, na sijasikia jina la kuwafaa zaidi. Shamba ni la wakwe zangu, ekari 6, mashariki mwa Toronto. Mama mkwe alituachia banda la zamani la farasi kwa sharti moja tu: bustani yake ya waridi isiguswe.

Sharti hilo halikumaliza wiki tatu.

Nilipompigia baba kumpa habari, aliipokea shikamoo yangu vizuri, akauliza hali ya watoto, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe.

"Wangapi?"

"Sita, baba."

"Mnauza lini?"

"Hatuuzi."

"Aa, mnachinja wenyewe."

"Hatuchinji."

Kimya. Nilidhani mtandao umekata. "Sasa, mwanangu," akasema polepole, "mradi uko wapi?"

Nilicheka, lakini swali halikunitoka kichwani. Kwetu mradi ni kitu cha kukuingizia: mradi wa kuku, mradi wa matofali, mradi wa bodaboda. Bibi yangu Mbozi alikuwa na mradi wa nguruwe mmoja, kwenye kibanda cha miti kilichoinuliwa kutoka chini, akila pumba na majani ya viazi, na kila Januari nguruwe huyo aligeuka ada ya shule. Hawa wa huku hawageuki kitu. Wanakula, wanalala, wanazeeka.

Na wao wenyewe, ukifuatilia, ni masalia ya mipango ya watu wengine. Mwaka 1985 Mkanada mmoja aliyekuwa akiendesha bustani ya wanyama, Keith Connell, aliwaingiza nguruwe hawa Kanada, na nia yake ilikuwa bustani za wanyama. Haikuchukua muda watu wakaona kwamba ni wadogo kuliko nguruwe wa nyama, ni wasafi, wana akili, wanafunzika kama mbwa. Wakaanza kuzalishwa na kuuzwa Marekani kama wanyama wa ndani, kwa maelfu ya dola kila mmoja. Biashara hiyo haijafa, imebadilisha maneno tu: leo muuzaji anakuambia huyu hatazidi ukubwa wa paka. Anakuonyesha na wazazi wake, na kweli ni wadogo. Asichokuambia ni kwamba hao wazazi nao bado ni watoto. Dume anaweza kupandisha akiwa na miezi michache tu, ilhali nguruwe hawa huendelea kukua mpaka mwaka wa tatu na kupita. Mkubwa wao wa kawaida ana kilo 45 hadi 90. Muuzaji mwingine hukupa kipimo cha chakula kidogo sana "asije akakua", yaani umdumaze kwa njaa. Kisha kuna sheria. Toronto, kwa mfano, hairuhusu nguruwe wa aina yoyote kufugwa nyumbani, na wengi huligundua hilo siku jirani anapopiga simu manispaa.

Wa kwanza kufika kwetu aliitwa Peanut. Watoto walimtafsiri palepale: Karanga. Alikuwa ameishi chumba cha ghorofani, kwa biskuti na mikate, akafikisha kilo ambazo mizani ya daktari wa mifugo ilikataa kuzisoma. Aliposhushwa kwenye trela alisimama, akageuza kichwa huku na huku, akaenda moja kwa moja mpaka akaugonga mlango wa banda kwa paji la uso. Akarudi nyuma. Akaugonga tena. Nikadhani ni hasira. Mume wangu alipiga magoti, akainua kwa kidole gumba kunyanzi la mafuta lililoning'inia juu ya jicho, na kule ndani, kama kokwa, jicho lilikuwepo, zima, linatazama. Hakuwa kipofu. Alikuwa amefunikwa.

Kwenye jedwali la vihatarishi nilikuwa nimeandika magonjwa ya milipuko, kupanda kwa bei ya chakula, na "mwitikio hafifu wa jamii". Hapakuwa na mstari wa mnyama aliyelishwa kwa upendo mpaka akapotelea ndani ya mwili wake.

Niseme kuhusu uzio, kwa sababu uzio ndio uliokula fedha nyingi na ndio ulionifundisha zaidi. Mpango ulisema nyaya mbili za umeme, ya chini sentimita 15 kutoka ardhini. Vitabu vyote vinasema hivyo, na kiangazi nyaya zilifanya kazi: nguruwe akigusa kwa pua mara moja, harudii wiki nzima. Ikaja Januari. Uzio wa umeme hauna nguvu zake wenyewe. Unategemea ardhi yenye unyevu ikamilishe mzunguko chini ya kwato za mnyama. Ardhi ikiganda, na theluji ikatanda juu yake, mnyama anakuwa kama amesimama juu ya godoro. Mimi sikulijua hilo. Jike mmoja mwenye kiraka cheupe mgongoni, ambaye tulimpokea na jina la Duchess, alilijua ndani ya siku mbili. Asubuhi tulifuata nyayo na mifereji ya matumbo kwenye theluji mpaka ghalani kwa jirani, tukawakuta wote sita wamejilaza ndani ya mabua yake ya ngano.

Jirani ni mzee ambaye ujana wake wote alifuga nguruwe wa nyama. Alituachia tumalize kuomba radhi, akachukua koleo, akatuonyesha. Nguruwe hapiti juu ya uzio, wala hapiti katikati. Nguruwe anapita chini. Alitushauri tuweke wavu mzito wa chuma, ukingo wake wa chini uzikwe au upigiwe vigingi kila hatua mbili, na umeme ubaki nyongeza ya kiangazi. Ushauri ule ulichukua kama dakika kumi na haukuwa na bei. Kwenye bajeti yangu kulikuwa na kifungu cha "mshauri elekezi", na nilishamlipa.

Banda nalo. Nilipiga hesabu ya mita za mraba nikagawanya kwa sita, kila mmoja akapata haki yake. Duchess hakushirikishwa kwenye hesabu. Nguruwe wana ngazi zao, nani mkubwa, nani anafuata, na ngazi hiyo hupangwa kwa kusukumana mabega na kung'atana masikio siku za mwanzo, kisha inatulia. Aliye juu hulala pale anapotaka, na Duchess alitaka mlangoni. Wengine watano walisimama nje kwenye upepo wakiwa na nafasi tele ndani, kwa mujibu wa karatasi. Tuliponea kwa kutoboa mlango wa pili upande wa kusini. Mita za mraba hazikuongezeka hata moja.

Nikiwa natoboa ule ukuta nilimkumbuka mama mmoja wa kijiji fulani, sitakitaja, ambako tuligawa nguruwe wa kisasa kwa mtindo wa kopa nguruwe, lipa nguruwe. Masharti yalidai banda lenye sakafu ya saruji. Wakati huo nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya udongo, sakafu anaisiriba kila Jumamosi. Aliijenga ile saruji, kwa mkopo wa kikundi. Nilipokwenda kwenye ufuatiliaji nilimkuta amehamishia kwenye banda la nguruwe magunia yake ya mahindi, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya boma isiyoingiza unyevu, na nguruwe kamfunga kamba chini ya mparachichi. "Mwanangu," aliniambia, wala hakuona haya, "nguruwe wenu anakula kuliko watoto, basi angalau banda lake litufae." Kwenye ripoti niliandika "banda limekamilika: asilimia 100". Sikuandika uongo. Ila nimeirudia ripoti hiyo kichwani mara nyingi nikiwa na nyundo mkononi.

Nambari 6 yenyewe haikudumu. Mwezi wa nne, jike mdogo tuliyepewa kwa maelezo kwamba "amenenepa kidogo" alianza kubeba mabua kwa mdomo, fungu baada ya fungu, akiyapeleka pembe ya banda na kuyapanga kwa pua. Mume wangu alifurahi, anajiandalia usiku wa baridi. Mama mkwe, ambaye tangu kisa cha waridi alikuwa haji bandani, alichungulia mara moja akasema huyo hajengi kitanda, anajenga kiota. Mimba ya nguruwe ni siku 114; wafugaji hukariri miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Tulikuwa tumebakiza usiku mmoja. Alfajiri walikuwa 11.

Hapo tukajifunza bei ya kuhasi. Madaktari wa paka na mbwa mara nyingi hawataki kumlaza nguruwe kwa dawa ya usingizi, na wa mifugo mikubwa wamezoea kufikiri kwa kundi, si kwa mnyama mmoja mwenye jina. Lakini kuacha haiwezekani. Madume wangekuwa tayari kabla majani hayajapukutika, na majike wasiotolewa kizazi, wakizeeka, hupata sana uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Fedha ya mlango wa kuingilia wageni na kibao chenye nembo ya mfadhili ikaenda huko yote. Kibao hakipo mpaka leo.

Makaratasi sikuyaonea shida. Ndiyo fani yangu. Tangu Julai 2014 Kanada inataka kila uhamisho wa nguruwe uripotiwe ndani ya siku 7, awe wa shehena ya machinjio au kitambi mmoja anayesafirishwa kwenye gari la familia. Nilimweleza baba nikitegemea atacheka. Hakucheka. Amewahi kuona homa ya nguruwe ikipita Mbozi: haina tiba, na zizi linabaki tupu kwa siku chache kwa sababu mtu mmoja kijiji cha pili alisafirisha bila kibali. "Hapo wamefanya la maana," alisema.

Michango ya jamii nayo tuliitegemea kwa fedha taslimu. Fedha zilikuja kidogo, yalikuja maboga. Kila tarehe 31 Oktoba watu wa huku huchonga maboga wakayaweka barazani, na kesho yake hawajui pa kuyapeleka. Tuliweka tangazo dogo kwenye duka la kijijini. Walikuja kwa magari siku tatu mfululizo, likawa lundo la kufika kifuani, nasi tukashinda pale tunachambua: yenye nta ya mshumaa kando, yenye rangi kando, yaliyooza kando. Mmoja wa waliokuja ni shoga yangu wa Mombasa, anayeishi Toronto. Kwa nguruwe hasogei na hatujawahi kumwomba. Alishusha maboga manane getini, akakaa na mama mkwe ndani wakanywa chai na mahamri aliyoyaleta, akaniuliza kwa mbali kama yule kipofu amepata nafuu.

Karanga. Chakula chake kilipimwa: punje za nguruwe wadogo kwa kikombe, majani ya malishoni, bila mkate, bila biskuti. Kwa kuwa mizani ilimshinda tulitumia utepe. Unazungusha nyuma ya miguu ya mbele upate mzingo wa kifua kwa mita, unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha kwa urefu toka katikati ya masikio hadi mwanzo wa mkia, kisha mara 69.3, na jibu ni kilo. Kwa mwenye kitambi hesabu hupotoka, lakini inapotoka vilevile kila wiki, kwa hiyo unaona anakokwenda. Alishuka polepole mno. Tulimlisha mahali pake peke yake, tukitingisha kikombe ili afuate sauti. Mwezi wa tisa, asubuhi, binti yangu alisimama mbele yake na kikombe bila kukitingisha, kwa kusahau tu. Karanga aliinua kichwa. Lile kunyanzi lilikuwa limepanda kiasi cha unene wa sarafu. Alimtazama mtoto, akatazama kikombe, akatazama tena mtoto, kisha akatembea akaukwepa mlango bila kuugonga. Binti yangu alikimbilia ndani akilia kwamba Karanga ameniona, mama, ameniona.

Kiashiria kwenye jedwali kilisema: "Kupungua kwa uzito kwa asilimia 20." Tulikuwa bado kwenye asilimia 14, kwa hiyo robo hiyo iliandikwa "haijafikiwa".

Ule mfuko mdogo uliotusaidia ulitoa fedha za miaka miwili, ukaaga vizuri, kwa barua ya pongezi. Nguruwe hawa huishi miaka 12 hadi 18, wengine hukaribia 20. Binti yangu ana miaka tisa na hesabu anaziweza. Ameshaniambia atakuwa na miaka mingapi wale watoto watano wakizeeka, na kwamba akienda chuo mimi ndiye nitakayewakata kwato.

Jumapili iliyopita simu iliita tukiwa mezani. Mwanamume mwenye sauti ya adabu, kutoka mjini, alisema wana nguruwe mmoja, wamehamia nyumba mpya, sheria za pale hazimruhusu. Nikamuuliza ana ukubwa gani.

"Mdogo tu. Aliyetuuzia alisema hatazidi kilo 10."

Nikamwambia achukue utepe, nikamweleza wa kuzungusha wapi. Alirudi baada ya kama robo saa, anahema.

"Mzingo ni mita 1.18," alisema. "Urefu amekataa."