Nembo ya mtafuta kazi: Chapa haimwongezei ng'ombe maziwa

MHITIMU anayetoka katika bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, Kesses, kuelekea mjini Eldoret aghalabu hupitia Cheptiret, kituo cha biashara kilichoko kando ya barabara kuu ya Nakuru-Eldoret. Katika vituo vya aina hii, vilivyo jirani na vyuo, maduka ya kompyuta hupiga chapa barua za maombi ya kazi, hutoa nakala za vyeti na kuuza bahasha.

Huduma moja zaidi inayotafutwa na baadhi ya vijana siku hizi ni nembo ya mtu binafsi. Hii ni alama ndogo, mara nyingi herufi za kwanza za majina ya mhusika, inayorudiwa kwenye wasifukazi, barua, bahasha na kadi ili stakabadhi zote zifanane.

Je, alama hiyo humsaidia mtafuta kazi, au humpunguzia tu senti chache alizobaki nazo? Jibu linategemea anaomba kazi gani na ameitengeneza vipi.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Wafugaji wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa Bonde la Ufa, tangu jadi wametia mifugo chapa au kuikata masikio kwa namna maalum ili kila mtu amtambue ng'ombe wake. Chapa humtambulisha mwenye mali, lakini haimwongezei ng'ombe maziwa.

Huko Ujerumani, msanii Albrecht Dürer (1471-1528) alizoea kutia alama ya herufi zake, D ndogo ikikaa chini ya A kubwa, katika kazi zake. Alama hiyo ikawa na thamani kubwa hata wenzake wakaiiga pamoja na michoro yake. Thamani hiyo ilitokana na ustadi wa mkono wake. Nembo hubeba sifa iliyokwisha kupatikana, wala haiwezi kuizaa.

Basi inafaa wapi? Inamfaa zaidi anayeuza kazi ya mikono na akili yake moja kwa moja: mpiga picha, mbunifu wa mavazi, fundi wa umeme, mchoraji wa ramani za nyumba au mhasibu anayetafuta wateja. Hawa hupeana kadi na kuandika ankara, na mteja hukumbuka alama.

Anayeomba kazi serikalini hali yake ni nyingine. Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) hupokea maombi kupitia tovuti yake, ambamo mwombaji hujaza nafasi alizotengewa. Nembo haina pa kukaa humo. Aidha, baadhi ya kampuni hutumia programu za kompyuta kuchuja maombi, na nyingi kati ya hizo husoma maandishi, si picha. Aliyeficha jina na nambari yake ya simu ndani ya mchoro huenda akaonekana kama mtu asiye na jina wala simu.

Kwa anayeamua kutengeneza nembo, hatua ya kwanza ni jina, kabla hata ya kushika penseli. Katika eneo ambamo majina mengi huanza kwa Kip-, Chep- na Jep-, herufi K, C na J haziwezi kumtofautisha mtu na jirani yake. Kwa hivyo jina kamili liandikwe kando ya nembo, na liwe kwa mpangilio ule ule ulio katika kitambulisho na vyeti. Mwajiri anayekuta majina mawili kwenye barua, matatu kwenye cheti na mpangilio tofauti kwenye kitambulisho atakuwa na maswali ambayo hakuna nembo itakayoyajibu.

Pili, alama ichorwe kwanza kwa wino mweusi pekee. Itolewe nakala kwenye mashine ya kawaida, kisha ipunguzwe hadi upana wa milimita 15. Ikiwa bado inasomeka, inafaa. Ikigeuka doa, mistari ipunguzwe. Rangi zisizidi mbili, kwani barua iliyopendeza kwenye kioo cha kompyuta huenda ikamfikia mwajiri ikiwa nakala isiyo na rangi yoyote.

Tatu, karatasi. A4 ina milimita 210 kwa 297. Acha pambizo ya milimita 25 hivi kila upande, tumia aina moja ya herufi yenye ukubwa wa pointi 11 au 12, na uweke nembo juu, pembeni, isishindane na jina. Bahasha ya DL, yenye milimita 110 kwa 220, hutosha A4 iliyokunjwa mara tatu. Vyeti visivyofaa kukunjwa vitiwe katika bahasha ya C4, yenye milimita 229 kwa 324.

Kazi hii haihitaji programu ya kununua. Inkscape, iliyoanza kutolewa mwaka 2003, huchora alama zisizochakaa hata zikikuzwa, na LibreOffice huandika barua. Zote mbili hupatikana bila malipo. Hifadhi faili asili, kisha utume nakala ya PDF ili mpangilio usivurugike ukifunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa kisheria. Baadhi ya waombaji hupamba barua zao kwa ngao na simba wa nembo ya taifa, wakidhani kwamba huo ni uzalendo. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99 ya sheria za Kenya, inadhibiti matumizi ya alama hizo, na mtu hana ruhusa ya kuzigeuza tangazo la biashara au taaluma yake bila idhini. Nembo ya chuo nayo iachwe, maana humfanya msomaji adhani kwamba chuo ndicho kilichoandika barua.

Mtego wa pili ni usalama. Wasifukazi una nambari ya kitambulisho, simu na anwani. Ukiandaliwa katika kompyuta ya duka, hakikisha umefuta faili zako na kufunga barua pepe yako kabla ya kuondoka.

Kwa mhitimu ambaye mfuko wake umetoboka, mpangilio wa matumizi uwe wazi. Kwanza vyeti na nakala zake, pili barua iliyoandikwa upya kwa kila mwajiri badala ya moja inayosambazwa kote, tatu nauli ya kufika kwenye mahojiano. Nembo ije baada ya hayo, na kwa penseli na karatasi haigharimu kitu.

Barua safi, yenye jina moja lisilobadilika, namba ya simu inayopatikana na maelezo ya kweli kuhusu kazi ambayo mwombaji anaiweza, tayari ina chapa yake.