Mnazi wa Marehemu ni wa Nani?

Mwalimu wa somo la jamii akiulizwa aanzie wapi kuwaeleza wanafunzi jinsi jamii inavyoundwa, mara nyingi huanza na ufafanuzi ubaoni: jamii ni kundi la watu wanaoishi pamoja, wenye mila na desturi moja, na kadhalika. Wanafunzi wananakili, wanakariri, wanautapika siku ya mtihani, yanaisha. Kwa shule za Kwale hii ni hasara kubwa, maana yale wanayoyakariri yanaendelea nje ya dirisha la darasa, tena kwa uwazi ambao sehemu nyingi za nchi hazina.

Mimi ningeanza na mnazi.

Chukua mnazi mmoja huko Msambweni ambao aliyeupanda amefariki. Pwani yetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, kwa hiyo swali la mrithi wa mnazi linasimama lenyewe. Katika mila ya zamani ya Wadigo, ukoo ulifuatwa kwa mama. Mali ya mwanamume iliwaendea wapwa zake, wana wa dada yake, na wanawe wa kuwazaa waliitazamia mali ya mjomba wao. Kijana wa leo akisikia hivyo hushangaa, akaona wale watoto wamedhulumiwa. Mwalimu asiuache mshangao huo upotee bure. Amwulize: wewe ni wa nyumba gani? Mtu aliyeamini kwamba ukoo hupita kwa mama alimwona mwana wa dada yake kuwa mtu wa nyumba yake bila shaka yoyote, na mwanawe mwenyewe kuwa mtu wa nyumba ya mkewe. Kumwachia mwana shamba kulikuwa kuitoa mali ya ukoo nje. Ndiyo maana mjomba alikuwa mtu mzito: ndiye aliyebeba mambo ya wapwa zake, nao wakamtii.

Kisha ukaja Uislamu, ambao ulienea sana miongoni mwa Wadigo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa Mwislamu, mali ni amana ya Mwenyezi Mungu, naye Mwenyewe ndiye aliyekwisha kuweka mafungu: mke ana lake, wazazi wana lao, na watoto wanarithi, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Marehemu akiwa na wana wa kiume, mpwa hana kitu. Mnazi ni ule ule, haujasogea hata hatua moja, lakini mwenyewe amebadilika kwa sababu watu wameanza kuutazama ulimwengu kwa jicho jingine. Mabadiliko haya hayakuja kwa siku moja wala kwa amani tupu. Wapwa na watoto walishindana miaka mingi, mbele ya wazee, makadhi na maofisa wa kikoloni.

Juu ya hayo ikaja dola. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1981, inawahesabu watoto wote sawa, wa kike kwa wa kiume. Waislamu waliipinga, na mwaka 1990 ikarekebishwa ili wao wafuate sheria yao. Kwa dola, marehemu ni raia kwanza, na haki yake haitokani na ukoo.

Wagawe wanafunzi makundi matatu: wapwa, watoto wa marehemu, na wanaoitetea sheria ya nchi kana kwamba inamhusu kila mtu. Kila kundi litetee dai lake kwa nia moja. Baada ya nusu saa watakuwa wamegundua wenyewe jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio: kila upande una haki kamili ndani ya mtazamo wake, na ugomvi wa mali kwa undani wake ni ugomvi wa mtu ni nani.

Kutoka mnazi mmoja sasa twende kwenye msitu mzima, kisiwani Chale. Kisiwa hiki kiko kusini mwa Diani, jirani na Kinondo na Gazi. Sehemu yake moja ina hoteli ya watalii. Sehemu nyingine ni msitu ambao kwa Wadigo ni kaya. Zamani kaya za Wamijikenda, ambao Wadigo ni sehemu yao, zilikuwa makao yaliyozungukwa na msitu, zenye njia na milango maalumu, mahali pa baraza la wazee, na fingo, yaani hirizi iliyozikwa kuwalinda wakazi. Watu walipotawanyika kwenda kulima, msitu ukabaki na makaburi na maombi. Ukitaka kuona kwa karibu, nenda Kaya Kinondo, kaya ya Wadigo iliyozoea kupokea wageni. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Unafuata njia aliyopita kiongozi wako. Hukati tawi, huokoti hata jani kavu la kwenda nalo nyumbani.

Nani anasimamia amri hizo? Hakuna askari mlangoni. Anayeamini kwamba koma, yaani roho za wahenga, ziko pale anajua kuwa akikata mti amewakosea waliokufa, na kosa hilo halimwangukii yeye peke yake. Lakini mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya katika gazeti rasmi kuwa turathi za taifa, na 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Jirani hapo Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda mikoko tangu 2013 na kuuza hewa ya kaboni, na fedha zinaingia katika maji na shule za kijiji. Koma, sheria, kaboni: sababu tatu za kutokata mti katika mwendo mfupi wa pwani. Wanafunzi waone kwamba soko na dola navyo vina imani zake kuhusu ulimwengu. Mtazamo si mali ya wazee peke yao.

Swali la watu walitoka wapi nalo lina utajiri wake, ingawa shuleni limefanywa jibu la mstari mmoja: Wamijikenda walitoka mahali paitwapo Shungwaya. Mwanahistoria Thomas Spear aliyachukua masimulizi hayo kwa uzito katika kitabu chake cha 1978. Mwanahistoria mwenzake Justin Willis, mwaka 1993, akaonyesha kwamba umoja wenyewe wa jina Mijikenda ni wa karne ya 20. Kabla yake watu wa nje waliwaita Wanyika. Wanaakiolojia nao wamekuta kwamba watu wameishi katika eneo hili la pwani tangu milenia ya kwanza. Je, babu aliyesimulia Shungwaya alidanganya? Hasha. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika kitabu chake Mukadima alichokiandika 1377, alisema kwamba nasaba yenyewe ni jambo la kudhaniwa, na faida yake ni ule mshikamano inaouzaa. Simulizi ya asili humwambia mtu nani ndugu yake, na kazi hiyo haihitaji ramani.

Kwale ina mfano mpya kabisa wa jinsi jamii inavyotambuliwa. Wamakonde ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi hapa miaka mingi bila kitambulisho. Oktoba 2016 wakatembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wakafuata mwaka 2023. Mwanafunzi wa gredi ya saba alikuwa hai jamii zikiingizwa katika hesabu ya taifa.

Najua wapo walimu wanaoogopa somo hili, wasije wakaambiwa wanafundisha ushirikina. Hofu hiyo naielewa, na jibu langu ni kwamba kueleza imani si kuihubiri. Mtoto wa Kiislamu anaweza kuelewa koma ni nini kwa babu yake wa nne na imani yake isitikisike, Mkristo vilevile. Asiyeelewa ndiye anayewadharau watu wake.

Basi mwalimu wa Diani, Ukunda na Msambweni, muhula ujao panga safari ya darasa. Zungumza na wazazi kwanza, kisha wazee wa kaya, na uwaachie wanafunzi waandae maswali yao wenyewe badala ya kupewa karatasi. Kinondo wana utaratibu wa kupokea wageni. Kwingine, Chale ikiwemo, msiingie bila idhini ya wazee, na wakisema hapana, kaeni nao nje ya msitu muwaulize kwa nini.