Sanduku la Picha la Marka Nne

Kamera ya sanduku ikiwekwa mezani, asiyeijua aweza kudhani ni kopo la majani ya chai. Ni sanduku jeusi tu, lenye tundu mbele, mkono wa kubebea juu, na ufunguo mdogo wa kuzungusha ubavuni. Walakini kwa chombo hiki watu wengi wasio na mali walipata kwa mara ya kwanza picha za wazee wao na watoto wao.

Katika mwaka wa 1932 kampuni ya Agfa ya Ujerumani, iliyokuwa na kiwanda cha kamera mjini Munich, iliuza sanduku la namna hii kwa marka nne. Lakini hazikutakiwa marka zozote tu. Sarafu za Ujerumani zilikuwa na herufi ndogo ya kuonyesha mji zilikofuliwa: A ni Berlin, F ni Stuttgart, na G ni Karlsruhe. Mnunuzi alitakiwa kuleta sarafu nne za marka moja moja ambazo herufi zake, zikipangwa, husomeka A, G, F, A. Mwaka ule watu zaidi ya milioni sita katika nchi ile walikuwa hawana kazi, na marka nne hazikuwa fedha za kuchezea. Hata hivyo masanduku hayo yalinunuliwa kwa wingi sana. Ulikuwa ujanja wa biashara, bila shaka, ila mnunuzi naye hakupunjwa.

Kazi ya kamera hii ni nyepesi kufahamika. Ndani mna giza. Mtu akivuta kijiti cha ubavuni, kifuniko hufunua tundu kwa kitambo kifupi mno, nayo nuru hupita katika kioo na kuangukia filamu iliyo nyuma, ikichora sura ya kitu juu chini. Filamu yenyewe imeviringwa pamoja na karatasi isiyopitisha nuru. Kwa hiyo aweza mtu kuitia kivulini bila kutafuta chumba cha giza. Mgongoni mwa sanduku pana kidirisha chekundu, na humo huonekana namba zilizoandikwa juu ya karatasi, tangu 1 hata 8. Picha ni nane tu, kila moja sentimita sita kwa tisa.

Hapo ndipo penye hatari. Sanduku halimkumbushi mwenyewe kuzungusha ufunguo. Akisahau, picha ya pili huangukia juu ya ya kwanza, na bibi harusi huonekana ameota ng'ombe kifuani. Tena kioo cha kutazamia hugeuza kushoto kuwa kulia, hata mwanafunzi huelekeza kamera upande usiofaa. Yafaa jua liwe nyuma ya mpigaji, watu wasimame hatua chache mbele yake, na sanduku libanwe kifuani pumzi ikizuiwa, maana likitikisika kidogo tu nyuso zote huwa ukungu.

Faida kubwa ilikuwa katika kusafisha. Kwa kuwa filamu ni pana, fundi aliilaza juu ya karatasi ya picha, akaimulika, akapata picha ya kutosha kutiwa katika barua, pasipo mashine ya kukuza.

Filamu ya upana huo, iitwayo 120, ilianza kuuzwa mwaka wa 1901 na hata leo yatengenezwa. Kwa hiyo sanduku kuukuu lililosahauliwa kabatini laweza kufanya kazi tena, ikiwa kioo hakina kuvu na kijiti chavutika. Jambo moja ni la kuangaliwa: filamu nyingi za zamani hazikudhurika kwa nuru nyekundu, lakini za siku hizi hudhurika. Basi kidirisha kizibwe kwa utepe mweusi, kifunuliwe kivulini tu wakati wa kuzungusha ufunguo, kisha kizibwe tena mara.