Fahamu: Nani anaruhusiwa kusikiliza kikao cha parole?

Mkaazi wa Mkokotoni anaweza kuingia mahakamani, akakaa kimya nyuma na kusikiliza kesi ya mtu asiyemjua. Lakini mfungwa anapofikiriwa kuachiwa mapema, yaani parole, msikilizaji huyo hufungiwa mlango.

Tanzania Bara ina Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Anayefikiriwa ni aliyehukumiwa miaka 4 au zaidi na kutumikia theluthi moja ya adhabu. Mwenye kifungo cha maisha hahusiki. Bodi ya mkoa hupeleka mapendekezo Bodi ya Taifa, iliyowahi kuongozwa na mwanasiasa Augustino Mrema, kisha uamuzi humfikia waziri. Ni kazi ya mafaili zaidi kuliko mabishano.

Unguja na Pemba ni hadithi nyengine. Magereza si jambo la Muungano. Hapa wafungwa wako chini ya Chuo cha Mafunzo, kama magereza yanavyoitwa Zanzibar. Njia inayojulikana zaidi ni msamaha wa Rais wa Zanzibar, ambao mara nyingi hutangazwa karibu na Januari 12, Siku ya Mapinduzi. Majina husikika baada ya uamuzi, si kabla.

Uingereza nayo ilifunga vikao hivi miaka mingi. Mwaka 2022 iliruhusu mtu kuomba kikao kisikilizwe hadharani, na Desemba mwaka huo kilifanyika cha kwanza, cha muuaji Russell Causley. Huko Massachusetts, Marekani, vikao vya wafungwa wa maisha viko wazi kwa umma.

Kwetu, aliyeibiwa au kujeruhiwa angestahili angalau kuarifiwa mapema kuwa aliyemkosea anafikiriwa kuachiwa.