Vijiko vya Fedha katika Kasha la Bibi

Bibi yetu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, kasha lake la mvule lilifunguliwa mbele ya warithi, na chini ya kanga zilizonukia udi vikatokea vijiko vikubwa sita, vimepiga weusi kama vilivyotolewa jikoni. Marehemu alikuwa mshonaji, na vijiko hivyo alipewa na mteja wake mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akirejea kwao. Shangazi akatoa shauri papo hapo: vipelekwe kwa sonara, viyeyushwe, watoto wa kike wapate bangili. Shauri hilo lilikuwa na hekima yake, lakini mimi niliomba muhula, kwani mgongoni mwa kila mpini niliona alama nne ndogo.

Alama hizo ndizo zinazowafanya watu wa Uingereza na kwingineko kukusanya vijiko kama wengine wanavyokusanya stempu. Tangu sheria ya mwaka 1300, zama za Mfalme Edward wa Kwanza, chombo cha fedha hakikuruhusiwa kutoka mikononi mwa mfuaji kabla ya kupimwa. Kiwango kilichotakiwa ni sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1000, na zilizobaki aghalabu ni shaba, kwa maana fedha tupu ni laini na kijiko chake kingepinda ndani ya wali.

Kilichofaulu hupigwa chapa. Simba anayetembea, aliyeanza kutumika London mwaka 1544, hushuhudia kiwango. Kichwa cha chui ni cha London, na nanga ni ya Birmingham. Kisha huja herufi ya mwaka, inayobadilishwa kila mwaka kwa mpangilio, na mwisho herufi za jina la mfuaji. Kati ya mwaka 1784 na 1890 ikaongezwa sura ya mfalme au malkia, ishara kwamba kodi imelipwa.

Vijiko vya Bibi vina simba, chui mwenye taji, na herufi ndogo ya *a*. Sura ya mfalme haimo, na chapa zimepigwa karibu na kina cha kijiko, kama ilivyokuwa desturi kabla hazijahamishiwa kwenye ncha ya mpini. Nikalinganisha na majedwali: ni mwaka 1776.

Ya nne ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ni herufi mbili za mwandiko wa kuunganisha. Ya kwanza ni H, na ya pili imesuguliwa hata haisomeki.

Nitaeleza sababu. Palikuwa na mwanamke mjini London aitwaye Hester Bateman. Mumewe alifariki mwaka 1760, na mwaka uliofuata mjane huyu akaandikisha chapa yake mwenyewe, HB, akaiendesha karakana pamoja na wanawe hadi mwaka 1790. Inasemwa hakujua kuandika, lakini leo vijiko vyenye herufi zake hutafutwa sana na wakusanyaji, na bei yake huipita mbali thamani ya uzito wake. Je, vya Bibi ni kazi ya mkono wa mjane huyo? Jibu lilikwenda na majivu na ndimu, ambavyo Bibi alivisugulia kila mwaka Ramadhani ilipokaribia. Basi aliye na fedha ya kale aisafishe kwa kitambaa laini tu, na asiifunge kwa mipira, kwani salfa iliyomo huitia weusi.

Na ajihadhari na soko. Kijiko chenye herufi EPNS si cha fedha. Ni madini mengine yaliyovikwa ngozi nyembamba ya fedha kwa umeme, ufundi ulioenezwa na kampuni ya Elkington ya Birmingham tangu mwaka 1840. Kipo pia kijiko halisi kilichoharibiwa kwa kurembwa: mafundi wa zama za Malkia Victoria walivichukua vijiko vya kale visivyo na nakshi wakavichonga matunda. Wapo wavipendao. Mimi naona ni dhuluma kwa mfuaji wa kwanza.

Sisi Waislamu tuna jambo lingine la kuangalia. Mtume (S.A.W.) alikataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wengi wakaona hata kuviweka bila kuvitumia hakufai, na wako waliolegeza. Sasa nikafahamu kwa nini Bibi alivisugua lakini hakuwahi kupakulia kwavyo. Zaka nayo ina hesabu yake: nisabu ya fedha ni dirham 200, zinazokadiriwa kuwa gramu 595. Kijiko kikubwa cha karne ile huwa na gramu 60 hivi, kwa hiyo dazeni moja, hata ukiondoa shaba, huivuka nisabu hiyo.

Bangili za fedha ni halali kwa mwanamke, kwa hiyo Shangazi ana hoja nzito kuniliko. Tumekubaliana vipigwe picha na kupelekewa mjuzi wa chapa kabla mirathi haijagawanywa. Jibu bado. Vijiko vimefungwa katika kitambaa cha pamba, na Shangazi kila anipigiapo simu, baada ya salamu, huniuliza sonara ananunua gramu kwa kiasi gani wiki hii.